Kanzu Iliyopita Jicho la Mguu

Daftari langu la kwanza la vipimo nililifungua mwaka 2001, na hili lililopo mezani sasa ni la saba. Nashonea nyumbani, Jang'ombe, hapa mjini Unguja, chumba cha mbele, cherehani imekaa chini ya dirisha nipate mwanga wa asubuhi. Wanawake nawapima mwenyewe. Wanaume siwashiki: mwenye kanzu ya kigezo huileta, asiye nayo hupimwa na mwanangu wa kiume, yeye anataja namba na mimi naandika. Bega, kifua, mkono, shingo, urefu. Kwenye urefu ndipo maneno yanapoanza. Mwanangu akifikisha tepu kwenye jicho la mguu huuliza, "Niishie hapa?" Mteja hujitazama miguuni. "Shusha kidogo." Anashusha. "Kidogo tena, nisije nikaonekana nimeazima."

Nimeziandika namba hizo miaka na miaka pasi na kuzitia maanani. Nilianza kuzisoma upya kwa sababu ya kanzu moja nyeupe, kumi la mwisho la Ramadhani, miaka minne iliyopita.

Siku hizo fundi halali. Baada ya alasiri nilimtuma binti yangu, alikuwa na miaka 15, apeleke kanzu kwa mteja anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Ni mtu mzima, swala tano msikitini, jioni hukaa barazani na wenzake kusubiri magharibi. Simtaji na sina haja ya kumtaja. Kanzu nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuipiga pasi, na nguo ya pamba ukiikunja ingali na moto inashika mikunjo, kwa hiyo nilimwambia binti aibebe juu ya mikono yake miwili kama anavyobebwa mtoto mchanga. Alivaa dera na mtandio wa shifoni, ule laini usiokaa kichwani bila ya pini. Alipofika kwenye kona penye upepo, mtandio ukamteleza mpaka mabegani. Hakuwa na mkono wa kuupandishia. Mikono yote miwili ilikuwa na kanzu ya watu.

Kabla hajafika, sauti ikatoka barazani: "We mtoto! Mwezi mtukufu huu unatembea kichwa wazi mbele ya wanaume? Unatuharibia funga zetu. Rudi kwenu ukajistiri, mama yako hana haya?"

Aliyesema ndiye mwenye kanzu.

Pembeni ya baraza walikuwa wamesimama vijana wawili, suruali zimeshushwa mpaka rangi ya chupi inaonekana. Mmoja alimpigia mluzi binti yangu. Hawa hawakuambiwa kitu. Binti akageuka, akarudi njia nzima bila ya kuishusha mikono, akaingia ndani, akailaza kanzu juu ya meza. Niliitazama. Haikuwa na mkunjo hata mmoja.

Sasa nitasema jambo linaloniuma mpaka leo. Binti alipomaliza kunieleza, midomo inamtetemeka, neno langu la kwanza halikuwa pole. Nilimuuliza, "Na pini ya mtandio iko wapi?"

Alinitazama tu. Halafu akaenda chumbani akafunga mlango, na wakati wa kufuturu alikunywa maji akala tende moja.

Usiku, baada ya tarawehe, niliitundika ile kanzu msumarini, karibu na taa. Nikaona taa yenyewe kupitia kwenye kitambaa, mpaka umbo la balbu. Mteja mwenyewe ndiye aliyekichagua kitambaa kile kwenye maduka ya Mchangani, chepesi, kwa ajili ya joto. Mtu akisimama mlangoni na jua liko nyuma yake, miguu yake yote inahesabika. Nikafungua daftari. Kigezo alicholeta kilikuwa inchi 56, na mbele yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Anataka 58." Inchi mbili zaidi ya kanzu iliyokuwa imeshafika kwenye jicho la mguu.

Kila Jumamosi tuna darsa ya akina mama. Mwalimu wetu ni mwanamke aliyesoma, anatufundisha polepole, hapandishi sauti. Mwaka ule alikuwa ametusomesha mlango wa mavazi, na usiku ule yote yalinirudia kichwani. Aya ya 30 ya Suratun-Nur inaanza na waumini wanaume: wainamishe macho yao, wahifadhi tupu zao. Wanawake wanafuata katika aya ya 31. Sisi mtaani tumeikariri ya pili tu. Tena alitusomea hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, kwamba nguo ya chini inayopita majicho ya miguu, sehemu hiyo iko Motoni. Hayo waliambiwa wanaume. Na katika hadithi nyingine, lilipotolewa onyo juu ya anayeburura nguo yake kwa kiburi, Ummu Salama, mke wa Mtume, ndiye aliyeuliza: basi wanawake wafanyeje na pindo zao? Akajibiwa washushe shubiri moja. Akasema, basi miguu yao itafunuka. Akajibiwa, dhiraa moja, wasizidishe. Mimi ni fundi, shubiri na dhiraa navijua kwa mkono wangu. Niliipenda sana hadithi hiyo kwa sababu mwanamke aliuliza juu ya nguo yake mwenyewe, akajibiwa kwa kipimo, na hakuna aliyemfokea.

Iliyonikaa zaidi ni ya Fadhl bin Abbas. Katika Hija ya kuaga alikuwa amepanda nyuma ya Mtume, akaja mwanamke mzuri wa kabila la Khath'am kuuliza kama anaweza kumhijia baba yake mzee. Fadhl akawa anamwangalia. Mtume akaugeuza uso wa Fadhl kwa mkono wake, na yule mwanamke akapewa jawabu la swali lake. Mkono ulikwenda kwenye uso wa kijana wa kiume.

Siku ya pili, alasiri, niliichukua kanzu mwenyewe. Sikwenda barazani. Nilikwenda nyumbani kwake, nikapiga hodi, mkewe akanikaribisha, na yeye akatoka ukumbini. Nilimwamkia kama ninavyomwamkia siku zote.

"Ami, kanzu yako hii. Na mtoto aliyerudishwa jana nayo ni wangu."

Alinyamaza kidogo. "Wallahi sikumjua, Bi Fundi."

"Ungemjua ungefanyaje?"

"Ningekuja kukwambia wewe, kwa siri. Nasaha haitolewi hadharani."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio ulionichoma. Mtoto wa mtu anayemjua anastahiki siri. Asiyemjua mama yake anafokewa njiani mbele ya wapiga mluzi.

Nikamwambia, "Na mimi nina nasaha yangu, ndiyo maana nimekuja ndani. Kanzu hii ulitaka inchi 58. Inapita jicho la mguu. Na kitambaa hiki nimekiweka penye taa jana, hakina stara mpaka uvae kitu kizito ndani. Nilikosa kukwambia wakati wa kupima."

Akaweka mkono kifuani. "Mimi siivai kwa kiburi. Mola anaijua nia yangu."

Jawabu hilo wanazuoni wanalijua, wala si la kubuni. Abubakar mwenyewe alimwambia Mtume kwamba nguo yake humteremka upande mmoja asipoiangalia, akaambiwa kwamba yeye si katika wafanyao hivyo kwa kiburi. Kwa hiyo nilimwambia kwa moyo wangu wote, "Naamini, ami. Nia yako iko baina yako na Mola wako. Ya mwanangu uliijuaje?"

Hakujibu. Pazia la uani lilitikisika, nikajua mkewe yupo nyuma yake. Akanihesabia shilingi elfu ishirini na tano, akaichukua kanzu, akaniombea Idd njema. Tangu siku ile hajaniletea kazi, na wenzake wawili wa barazani nao wamehamia kwa fundi mwingine. Binti yangu hajaombwa radhi na mtu.

Hilo swali nililomuuliza mimi mwenyewe sikuwa nimelitayarisha. Lilitoka, na tangu litoke silisahau. Mwanamume hupewa nia. Kanzu yake ikiburura, tunasema hakukusudia. Kijana akivaa bukta, tunasema anakwenda mpirani. Mvuvi amevua shati, yuko kazini. Mwanamke hapewi nia, nguo yake ndiyo inayomsemea, na upepo ukiichezea, basi upepo nao unaandikwa katika dhambi zake.

Mume wangu hakufurahi. "Umemkabili mtu mzima, nyumbani kwake, mwezi wa Ramadhani." Nikamwambia, naye amemkabili mtoto, njiani, mwezi huo huo. Akasema hayo hayalingani. Tukalala hivyo.

Lakini aliyenishinda ni binti. Nilimsimulia yote nikidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na kaka je?"

"Kaka kafanya nini?"

"Kaka kila Jumapili anakwenda Forodhani kuruka makachu, kujirusha baharini. Mapaja nje, kifua nje, watu wanampiga picha, wanawake na wanaume. Anakuonesha kwenye simu, unacheka, unamsifu. Akiingia hapa na bukta wamejaa wateja wako wa kike, husemi. Mimi nikienda dukani bila soksi unanirudisha."

Sikuwa na la kumjibu. Tulisoma kwenye chuo cha Kurani, tukiwa wadogo, kwa sauti moja, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Watoto wa Kiunguja wengi wa madhehebu ya Shafi wameikariri sentensi hiyo kabla ya kujua kuandika majina yao. Mimi niliikariri. Nikawazaa wawili, nikamtandika mmoja mizigo yote ya wawili.

Ikabidi nijiulize nimejifunzia wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, mwaka 1979. Nilikuwa na miaka kumi kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara upande wetu wa mashariki, mwaka 1989, na mama yangu aliingia mapema. Mwani hufanyiwa kazi maji yakitoka. Akina mama wanashuka pwani na vigingi na kamba begani, wanainama saa tatu, saa nne, wanafunga shina moja moja kwenye kamba, maji yanawafika magotini mpaka yarejee kuwapandia kiunoni. Kanga ikirowa maji ya chumvi inaganda mwilini. Hakuna namna ya kuifunga isigande. Wakati huo huo wavuvi wanapita kwenda kwenye ngalawa zao wamepiga uwinda, mapaja yao yote yanameremeta kwa maji, na hakuna mtoto wala mkubwa aliyeona ajabu.

Siku moja maalim wetu wa chuoni alisema mbele yetu, watoto wa kike na wa kiume, kwamba mama zetu wanakwenda kuanika miili baharini. Hakumtaja mtu. Sote tulijua mama wa nani na nani. Nilirudi nyumbani na aibu ya kiasi ambacho nilimwambia mama asiende tena. Alikuwa ameketi anajipaka mafuta ya nazi kwenye vidole, maana chumvi na kamba vilikuwa vimempasua ngozi, mistari myekundu kila kiungo. Alinisikiliza. Akanionesha sare yangu ya skuli iliyotundikwa, mpya, ya kwanza niliyonunuliwa bila ya kurithi kwa dada. "Hii nimeitoa kule. Maalim naye anapita pwani ile ile. Akifika penye mashamba yetu, aangalie mbele."

Hata hivyo kuanzia wiki ile mama alianza kuvaa suruali nzito ya marehemu babu ndani ya kanga, na fulana ya mikono mirefu. Nguo ikirowa ilikuwa mzigo. Akirudi jioni anaegemea ukuta wa uani ndipo aweze kuinama kuivua. Alilipa yeye kwa macho ya watu wengine, kila bamvua, kwa miaka.

Miaka michache baadaye msikiti wetu uliezekwa upya kwa mabati. Mchango ulipitishwa nyumba kwa nyumba, na safari hiyo wanawake walikuwa na pesa zao. Mama alitoa. Wenzake walitoa. Pesa zilipokewa kwa dua ndefu na nzuri, na hakuna aliyeuliza zilichumwa katika vazi gani.

Nilichojifunza mimi katika yote hayo, mtoto wa miaka kumi, ni aibu. Sikujifunza hasira ya mama, wala utulivu wake. Nilibeba aibu ya maalim, nikaja nayo mjini, nikaiweka ndani ya nyumba yangu, nikamvisha binti yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa akinisimulia mambo aliyosimuliwa na bibi yake, na nilipokuwa mdogo niliyasikiliza kama ngano. Zamani za masultani, mabibi wa majumba makubwa ya mjini walikuwa wakitoka na shiraa. Ni kitambaa kipana kama hema, wajakazi wanakiinua na kukishika, bibi anatembea katikati asionekane na mtu. Wajakazi wenyewe walikuwa vichwa wazi. Walijifunga kaniki nyeusi au merikani, kile kitambaa kigumu kilichokuja na majahazi ya Marekani, na hawakuruhusiwa kujifunika kama bibi zao. Bibi yake bibi yangu alikuwa upande wa wanaoshika shiraa. Alimsitiri mwenzake mchana kutwa, jua linamwunguza yeye utosini.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wanawake waliopata uhuru walizikimbilia kanga, na baadaye buibui. Yule bibi alinunua buibui lake kwa pesa ya makuti aliyosuka, akalivaa kwenda kuswali Idd. Nikilishona buibui, na nimeshona mamia, humkumbuka. Kwake yeye lilikuwa ushahidi kwamba hana bwana. Ndiyo maana mimi buibui nalipenda, sijalivua wala sina nia ya kulivua, na anayesoma maandishi haya akidhani nataka wanawake wa Unguja na Pemba wavue mitandio, hajanielewa.

Lakini mtu akiniambia kwamba kumfokea binti barazani ni kurudisha heshima ya wazee, nataka nijue wazee wa nani. Wajakazi walikuwa Waislamu. Waliswali, walifunga, na jua liliwapiga vichwani, na vitabu vya fiqhi vya zamani viliwawekea mpaka wao wa stara, mbali na wa mwanamke huru. Stara ilikuwa ya mwenye cheo. Leo ni amri kwa mwanamke yeyote asiye na mtu wa kumtetea. Katika zama zote mbili, aliyeamua nani afunikwe na nani asifunikwe hakuwa mvaaji.

Kuna jambo jengine ambalo napata tabu kuliandika. Nashona pia sare za chuo, buibui dogo jeusi na ushungi mweupe, za watoto wa miaka mitano, sita. Mwaka mmoja mama mmoja alikuja hapa kwangu, akakaa juu ya kile kiti cha wateja, akalia. Mtoto wake alikuwa amedhalilishwa, na mtu mzima, akitoka chuoni. Sare ile nilikuwa nimeishona mimi. Nilikumbuka vipimo vyake: mpaka chini, mikono inafika kwenye viganja, ushungi mpaka kiunoni. Hapakuwa na kitu cha kuongeza. Mtaani watu waliuliza mama yake alikuwa wapi siku hiyo. Sikumsikia mtu akiuliza macho ya yule mwanamume nani aliyepaswa kuyainamisha, na kwa nini tangu utotoni hakufundishwa kama tunavyofundishwa sisi kubana mtandio.

Habari za udhalilishaji zinatangazwa redioni kila siku hapa kwetu, na kila baada ya taarifa hupiga simu mtu kusema mavazi ya wanawake ndiyo chanzo. Natamani mmoja wao aje aone daftari langu, ukurasa wa mtoto yule.

Na wageni nao. Kwenye hoteli na mitaani Mji Mkongwe kuna mabango yanawaomba watalii wafunike mabega na magoti. Wengine wanafuata, wengine hawafuati, na asiyefuata anapita Mkunazini anakaribishwa dukani kwa tabasamu. Sitaki mgeni atukanwe. Nataka binti yangu naye apewe uso ule ule.

Baada ya Idd ile nilianza kwangu. Kwanza nilimwomba binti radhi, kwa maneno, tumekaa kitandani kwake. Nilimwambia swali la pini lilikuwa kosa, na kwamba lilitoka mahali ambapo mimi mwenyewe niliumizwa. Alisema amesamehe, ila aliniambia pia kwamba sauti ya barazani ameshaisahau na yangu hajaisahau. Nilistahiki kulisikia hilo.

Kisha mwanangu. Nilimwambia kuruka aruke, bahari ni yake, lakini avae bukta inayofika chini ya magoti, na akiwa ndani ya nyumba wapo wanawake wa nje, avae msuli au suruali. Alishangaa kweli kweli. "Mama, mimi mwanamume."

"Ndiyo maana aya imeanza na wewe."

Alinuna wiki nzima. Hata sasa si kwamba amekuwa malaika, mara nyingine nakuta picha na ile bukta fupi ya zamani. Lakini macho yake ameyachunga zaidi kuliko nguo, na hilo ndilo nililolitaka zaidi. Rafiki zake wakianza maneno kwa mabinti wanaopita mbele ya nyumba, yeye huinuka akaingia ndani. Si ushujaa mkubwa. Ni mwanzo, naye ana miaka 21.

Mama mkwe ndiye aliyenipinga kwa nguvu zote. Alisema nambana mtoto wa kiume bila ya sababu, kwani mtoto wa kiume hana cha kuharibikiwa. Nampenda mama mkwe wangu, amenilelea watoto hawa, na najua neno hilo naye alipewa na mwingine. Lakini nililala nalo usiku mwingi. Hana cha kuharibikiwa. Kama ni kweli, basi tumemlea mtu ambaye dhambi haimshiki, tukampa mitaa yote atembee. Nilimjibu kwa adabu kwamba Mola hakusema hivyo, na kwamba mimi nina watoto wawili wa kuwajibia Siku ya Kiyama, sina mmoja.

Kazini nako nimebadilisha. Mwanangu akifika kwenye urefu, siku hizi anauliza hivi: "Juu ya jicho la mguu au chini yake?" Namfundisha aseme polepole, bila ya kumwekea mtu maneno. Wako wanaocheka, wako wanaonyamaza kisha wakasema juu. Kijana mmoja aliyekuja kushonewa kanzu ya harusi alisema amesoma chuo miaka minane na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wako waliochukua kitambaa chao wakaondoka, na riziki yao naamini Mungu ameniletea kwa mlango mwengine. Kitambaa chepesi nakiweka penye taa mbele ya mteja ajionee mwenyewe.

Kwa mabinti, baba au kaka anapokuja na msichana wa miaka 13 na kuanza kunielekeza, upana huu, urefu huu, usiibane hapa, mimi humsikiliza mpaka amalize. Halafu namgeukia msichana: "Na wewe, mwanangu, unalitaka vipi?" Karibu wote humtazama baba kwanza. Nasubiri. Tepu iko shingoni mwangu, sina haraka. Mara nyingi anachokitaka ni kidogo sana, mfuko wa kutilia simu, au mkono usioburura kwenye daftari anapoandika.

Juzi walikuja mama mmoja na binti zake wawili wakubwa kupimwa nguo za harusi. Binti yangu, ana miaka 19 sasa, alikuwa amekaa kwenye mkeka anatia vishikizo kwenye koti la mtu. Mlango ukafunguliwa, mwanangu akaingia kutoka mpirani, bukta juu ya mapaja, jasho linamtiririka, akasimama katikati ya chumba anatafuta maji. Binti hakusema neno. Aliinua macho akanitazama mimi, sindano imesimama mkononi.

"Mwanangu," nikasema, "kuna wageni. Kavae msuli."

"Mwache, Bi Fundi," akasema yule mama, "mtoto wa kiume huyo."

"Atarudi sasa hivi, mama. Maji atakuta nimemtilia."

Mwanangu akapita uani. Binti akashusha macho, akaupitisha uzi kwenye tundu la pili, akaendelea kushona.